Tupeane uzoefu: salamu za barabarani. Ushawahi kupungiwa mkono na dereva usiyemjua?

Dereva wa Safari
Salaam aleikum wakuu. Niko Mombasa, kazi yangu kuendesha watalii. Leo sina safari, nimekaa barazani na kahawa yangu, basi nisikilizeni.

Mwezi uliopita nilitafutwa na Mholanzi mmoja, mzee wa watu na mkewe, wametoa gari lao bandarini. Ni zile nyumba za magurudumu: ndani kitanda, jiko la gesi, choo, na kikopo cha mnanaa dirishani. Alitaka nimsindikize mpaka Tiwi azoee kuendesha kushoto. Usukani wake uko kushoto kama magari ya kwao, kwa hiyo mimi abiria nikajikuta nimekaa kulia, upande ule unaopishana na magari yanayokuja.

Hatujaimaliza Miritini akaniambia, "Ukiona gari kama hili, mpungie dereva. Wewe ndiye uko upande wao." Kwao wenye magari haya wakipishana huinuliana mkono, wajuane wasijuane. Nikamwambia hewala mzee. Tukashika njia ya Dongo Kundu. Mwache, hakuna. Daraja la Mteza, hakuna. Mama akanionea huruma, akasema basi mpungie yeyote. Nikapungia lori la mchanga. Nikapungia tuktuk ya mitungi ya maji. Bodaboda mmoja aliyebeba kitanda kizima alinijibu kwa kidevu, maana mikono yote ilikuwa na kazi.

Tulipotokea barabara ya Lungalunga ndipo tukaliona moja, la kijani, vumbi tupu, madebe ya mafuta juu. Nikainua mkono. Jamaa akapiga taa, akashika breki, wakaegesha kando dakika arubaini! Hawajawahi kuonana. Yule wa kijani ni Mswisi, katokea Tanga. Wakafungua ramani juu ya boneti, wakaonyeshana kwa kidole wapi pa kulala na wapi pana mashimo. Mswisi akampa kiungo cha mtungi wa gesi, kwa sababu mitungi yao ya Ulaya haiingiliani na ya huku na bila kile kishaba hujazi kitu. Pesa hazikutajwa. Mimi niko chini ya mkorosho nakunywa dafu, najiuliza: kwani sisi hatuna salamu kama hizi? Haya, leteni yenu.

Wa Kontena
Tunazo sana, ila zetu si za kupungiana tu. Sisi husalimiana ili tufike.

Ukiwa nyuma yangu pale Taru unataka kunipita, tazama indiketa. Nikiwasha ya kushoto, njia nyeupe, pita. Nikiwasha ya kulia, tulia, kuna gari laja. (Na wewe tazama kwa macho yako pia, kwani wengine huwa kweli wanakata kona.) Ukikuta matawi yamelazwa kwenye lami, kuna mwenzako ameharibikiwa mbele. Ukipigiwa full, yaani taa kubwa, na anayekuja, mbele kuna karao, polisi wa trafiki.

Sasa sikia. Usiku mmoja nimepita mizani ya Mariakani salama, nimepita Maungu, naelekea Voi. Basi la kutoka Nairobi likanipigia full mara nne, dereva katoa na mkono nje anaupepea chini. Nikajua ndio wale wetu. Nikafunga mkanda, nikamwamsha tanboi, msaidizi wangu, avae shati, nikachomoa leseni nikaiweka mapajani, nikashusha mwendo mpaka trela ikawa yatambaa. Natafuta kizuizi, sikioni. Naona kama ukuta. Kumbe ndovu! Wakubwa wanne na mtoto, wamesimama katikati ya barabara kama wanangoja gari la Voi. Tanboi na shati lake kakaa kimya, mimi nimezima taa kubwa, tukawasubiri mpaka walipoamua wenyewe kuondoka.

Yule dereva wa basi simjui hadi leo. Lakini kila basi la usiku nikipishana nalo nalipigia taa mara moja. Huenda ni yeye.

Trafiki Mstaafu
Niruhusuni niseme kutoka upande wa pili. Mnadhani hatukuwa tukijua? Tunapanga kizuizi, dakika kumi za kwanza tunakamata. Baada ya hapo malori yanakuja pole pole kama yanamsindikiza bibi arusi, mikanda imefungwa, kila dereva anatabasamu. Tunatazamana: tumeshauzwa.

Mimi sikuwa nakasirika. Kama gari limepunguza mwendo, limepunguza. Lakini kuna siku tulisimama tukingoja gari lililoibiwa, lenyewe likageuza kabla halijatufikia, limepigiwa taa na mtu mwema. Hapo ndipo ninapowauliza, mnajua mnampigia nani?

Wa Kontena
Afande, hapo umenishika. Kwa ndovu lakini niache niendelee.

Wa Kongowea
Sisi wa matatu tukisalimiana ni dirisha kwa dirisha katikati ya barabara, tunaulizana ya jana, abiria nyuma anagonga bodi. Nakubali makosa. Ila wengine wenu mkiwa na haraka mngetoka nyumbani mapema.

Bi. Tuktuk
Mie ni mwanamke naendesha tuktuk huu mwaka wa tatu, na haya ya salamu nataka niyaseme bila kuficha. Madereva wanaume hunipigia honi kutwa, lakini si salamu ile, ni "sogea wewe". Wanawake tuko wachache, tunatambuana kwa mbali, kwa leso iliyofungwa kwenye usukani au mtandio unaopepea. Tuna honi yetu: mbili fupi, basi.

Siku moja jioni nimejaza abiria watatu kutoka mjini, nimepanda daraja la Nyali, mafuta yakakata. Katikati kabisa, juu! Nyuma foleni, matusi ya kila kabila. Abiria wawili wakashuka wakaenda zao bila kulipa, wa tatu mzee hawezi kutembea. Nasikia nyuma yangu honi, mbili fupi. Dada mmoja ambaye tulikuwa tukipigiana honi tu pale Buxton, hata jina lake silijui. Hakushuka. Alinijia ubavuni kwa nyuma, akatoa mguu wa kushoto nje, akauegemeza kwenye bampa langu, ndala ya bluu, akaongeza moto. Mimi nashika usukani tu. Akanisukuma kwa mguu hivyo hivyo mpaka tukavuka, tukateremka, mpaka kituo cha mafuta. Nilipogeuka nimshukuru, ashaondoka na abiria wake. Ndala ilibaki kwangu, ilinasa kwenye bampa.

Nilikaa nayo siku nne ndani ya gari mpaka tulipokutana tena kwenye taa. Nikamrushia. Aliidaka kwa mkono mmoja. Sasa nalijua jina lake, na simu yake, na harusi ya mdogo wake nilikwenda.

Mvita wa Ughaibuni
Mimi niko Ujerumani, mzaliwa wa Mji wa Kale, nathibitisha ya yule Mholanzi. Mwaka juzi tulikodi lile gari wiki moja, mimi, mume wangu na wanangu. Siku ya kwanza dereva wa mbele akaniinulia mkono. Nikamwuliza mume wangu, huyu anatujua? Wa pili akainua. Wa tatu mzima na mkewe na kijana wao, wote wanapunga. Nikadhani mlango wetu uko wazi! Tukaegesha, tukakagua taa, mlango, magurudumu. Hakuna kitu. Tulipoelewa, wanangu wakashindana nani atawahi kupunga, kwenye barabara ndogo mkono haukutua. Barabara kuu za mwendo kasi watu hawapungiani sana, hakuna nafasi.

Wana ubaguzi wao vilevile. Wenye yale makubwa kama basi wakati mwingine hawayaoni madogo, na anayekokota nyumba nyuma ya gari lake la kawaida hahesabiwi. Tuliporudisha gari nikawa na kigari changu cha kila siku, nikapishana na moja, mkono ukainuka wenyewe. Yule bwana akaniangalia kama mwehu. Nikajikuna kichwa, eti nilikuwa naweka mtandio.

Bi. Tuktuk
Ungepiga honi mbili fupi dada, ningekujibu kutoka huku.

Mvita wa Ughaibuni
😂 Dereva wa Safari, wale wazee waliishia wapi?

Dereva wa Safari
Walikaa Tiwi siku sita, wakavuka Lungalunga kwenda Tanga. Mama aliniachia kile kikopo cha mnanaa, kasema huenda forodhani wakakikataa. Kiko hapa barazani, chai ya leo imetiwa humo.

Wa Kontena, jana alasiri nilikuwa na Nissan nyeupe naelekea Mariakani, trela ya kontena la bluu ikaniwashia indiketa ya kushoto, nikapita, nikatoa mkono juu. Ikapiga honi. Ni wewe?