Tupeane uzoefu: mliosoma mambo ya elimu ya afya chuo kikuu, mlipangaje?

Kaka wa Mwanjelwa

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), tunasubiri matokeo. Udaktari hautaki. Anachotaka ni kuwafikia watu kabla hawajaugua: shuleni, sokoni, vijijini, redioni. Mzee kauliza, "Hiyo ni kazi au ni kujitolea?" Mama yeye anasema asome uuguzi yaishe.

Nimeupekua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Afya ya Mazingira hii hapa, Lishe hii hapa, Maendeleo ya Jamii ile pale, Mzumbe wana Usimamizi wa Mifumo ya Afya. Kila kozi ina kipande cha kile anachokitaka binti, na hakuna aliyeniambia kipande kipi kinalipa kodi ya nyumba.

Mliopita huko njooni mtusimulie. Ulisoma nini, ulifikaje, na kazi unayofanya leo inafanana na ile uliyoipanga? Wenye nadharia tupu subirini kidogo.

Bwana Afya wa Kata

Mkuu, umenigusa. Mimi niko Kagera, afisa afya. Nilianzia diploma ya Afya ya Mazingira, nikafanya kazi, ndipo nikarudi chuo kikuu kwa shahada. Kwa anayetoka diploma, mlango wa shahada unataka GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, kwa hiyo wanaopita njia hii wasidhani diploma ni ya kupumzikia.

Ninachomwambia kila kijana anayekuja ofisini: usianze na jina la kozi, anza na tangazo la kazi. Kusanya matangazo ya kazi za serikali ya Sekretarieti ya Ajira ya huko nyuma, soma kipengele cha sifa za mwombaji, uone shahada zipi zimetajwa kwa majina. Serikali haiajiri moyo wa kupenda watu, inaajiri jina la shahada lililomo kwenye muundo wa utumishi. Halafu ujue kama kada hiyo ina baraza la usajili. Sisi wa afya ya mazingira tuna baraza letu kwa sheria ya mwaka 2007; bila usajili, cheti chako ni picha ya ukutani.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilipotangazwa wilaya ya Bukoba tarehe 21 Machi 2023, ndipo nilipojua nilichosomea. Watu hawakukosa taarifa. Redio zilisema, simu zilituma ujumbe, mabango yakabandikwa. Ugumu ulikuwa msibani. Unamwambiaje mtu asimshike mkono mfiwa? Unamwambiaje mama asimwoshe mwanawe aliyefariki? Ukifika na kipaza sauti na amri, wanakuitikia vizuri, ukigeuka wanazika usiku. Tulichofanya ni kukaa na wazee wa ukoo na viongozi wa dini kwanza, wao wakatafuta namna ya kuaga isiyohitaji kugusa mwili, na wao wenyewe ndio wakaitangaza. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Walioambukizwa walikuwa tisa na sita wakafariki, na kwa ugonjwa ule ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Hayo ya kukaa na wazee sikuyapata kwenye somo la maji taka. Niliyapata kwenye somo la tabia na jamii, lile ambalo darasani wenzangu walikuwa wakilisinzia.

Chapati Mbili Maharage

Bwana afya wa kwetu akitokea kona ya soko, mama ntilie wote wanafunika masufuria na kupotea. Huo nao ni uelimishaji?

Bwana Afya wa Kata

Hahaha, umenipata. Ndiyo mtihani wa kada yetu huo. Asubuhi nina karatasi ya notisi mkononi, jioni nataka mtu huyohuyo anifungulie mlango tuongee choo chake. Sheria inanipa nguvu ya kufunga mgahawa, lakini nguvu hiyohiyo inaniharibia ualimu. Kaka wa Mwanjelwa, mwambie binti alipime hili mapema. Kama hapendi kumtoza mtu faini, Afya ya Mazingira itamkera. Asiende kwa kuwa tu neno "afya" limo kwenye jina.

Nesi Mstaafu Mtarajiwa

Nimemsikia mama anayesema asome uuguzi yaishe. Mimi ni muuguzi mkunga, nina shahada, acha niseme ukweli wa kituoni.

Elimu ya afya tunaitoa kila siku asubuhi kliniki ya mama na mtoto. Akina mama wako kwenye mabenchi, mimi nimesimama na kitini: leo dalili za hatari kwa mjamzito, kesho vidonge vya kuongeza damu. Kwa karatasi ni kipindi kizuri. Kwa kweli, nina foleni ya kupima presha, kuna mmoja chumba cha kujifungulia ameanza kusukuma, na hao waliokaa wameamka alfajiri, wana njaa, wanachosubiri ni kuitwa jina. Nitaongea dakika chache, nitauliza "mmeelewa?", wataitikia "ndiyoo". Kwisha.

Siku moja nikamuuliza mama mmoja kwa upole kwa nini vidonge havimezi. Akasema vinamtia kichefuchefu, na mama mkwe kamwambia vinakuza mtoto akashindwa kutoka. Hilo halikuwamo kwenye kitini changu. Lilihitaji mtu wa kwenda nyumbani kwa mama mkwe, na mimi siwezi kuiacha wodi.

Kwa hiyo uuguzi unampa ajira na leseni, sikatai, na watu wanamheshimu muuguzi anapozungumza. Lakini huko kwenye jamii ataenda kwa nafasi atakayobakiza kazi ya kitanda, na kazi ya kitanda haibakizi. Asiyetaka sindano asipelekwe kwenye sindano kwa sababu ya mama yake.

Mwana wa Kiongozi wa Kikundi

Wadogo zangu mnasema kana kwamba kazi hii imeanza juzi. Mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Marehemu baba alikuwa kiongozi wa kikundi cha kujisomea kijijini kwetu. Watu wanakusanyika kwenye redio, kipindi kikiisha kinasomwa kijitabu kwa sauti, kisha mjadala: hapa kwetu kuna malaria, mazalia yako wapi? Nani hana choo? Mkutano haufungwi mpaka wameamua watafanya nini kabla ya kipindi kijacho. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima. Na nyuma yake walikuwepo watu wa elimu ya watu wazima, sio hospitali peke yake.

Ndiyo sababu mimi nilipofika zamu yangu sikuomba kozi ya afya kabisa. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna shahada ya ualimu ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii. Nikasoma hiyo. Nimefanya miradi ya lishe, ya maji na ya Ukimwi, na katika timu siku zote kuna daktari anayejua ugonjwa na mimi ninayejua jinsi mtu mzima anavyojifunza. Mtu mzima humfundishi, unamuuliza. Ukimfundisha anakuona umemkosea adabu.

Ila nakubaliana na bwana afya upande wa ajira: serikalini nafasi za afya sizipati, jina la shahada yangu halimo. Nimeishi kwa mikataba ya mashirika. Mradi ukiisha, na wewe umeisha, unaanza kutafuta upya. Mwenye moyo mwepesi asijaribu.

Mnyonge wa Kitivo

Mimi bado nipo chuoni, mwaka wa pili, kozi ya afya. Nitasema ya fedha na ya michepuo maana wakubwa wameyaruka.

CBG ni nzuri lakini ina shimo: programu nyingi za sayansi ya afya zinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja. Asidanganyike na kile kiwango cha jumla cha masomo mawili yenye jumla ya alama 4. Hicho ni cha kuingia chuo kikuu kwa ujumla, kila kozi ya afya ina masharti yake juu ya hapo. Lishe ya SUA kule Morogoro aiangalie vizuri, CBG nyingi nazijua zimeishia huko na wanafurahia.

Mkopo: dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa hakuna muda wa kukimbizana na RITA, wakala wa vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe SASA, na kama kuna mzazi aliyefariki, cha kifo pia. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, ni la chakula na malazi. Akishaanza kulitumia kununua simu, asije kulia huku. Na hela ya fildi (mafunzo kwa vitendo) ni kitu kingine, isichanganywe. Mimi fildi nilipelekwa wilaya ambayo nauli peke yake ilikula robo ya kila kitu.

Ah, na takwimu. Watu wanakuja huku wakidhani ni kozi ya kuongea. Epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea) na biostatistiki (takwimu za afya) ndizo zinazotoa sapu, yaani mitihani ya marudio, na sapu zikizidi mtu anadisko, anaondolewa chuo.

Mpwani wa Kaunti

Salamu kutoka Kilifi. Kwetu Kenya mambo yanafanana lakini si sawa. Ukipata C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unaomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kisha HELB, bodi yetu, kwa mkopo. Mimi nilisoma afya ya jamii. Afya iligatuliwa tangu 2013, kwa hivyo mwajiri ni kaunti, na kaunti hutangaza ikiwa na pesa, si ukiwa na njaa.

Jambo moja nawasihi, na limewaumiza wenzangu kadhaa: kabla ya kulipa karo, uliza kama ile programu yenyewe, si chuo tu, imekubaliwa na baraza la maafisa wa afya ya umma. Kuna waliomaliza miaka minne, wakavaa joho, wazazi wakachinja mbuzi, kisha wakaambiwa hawawezi kusajiliwa. Chuo kilikuwa halali. Programu ndiyo haikuwa imepita. Jina la chuo silitaji.

Habari njema ni kwamba wahamasishaji wa afya ya jamii laki moja walizinduliwa Septemba 2023 pale Uhuru Park. Wanatembea nyumba kwa nyumba na mkoba wa vipimo. Wale wanahitaji wa kuwafunza, wa kuwasimamia, wa kusoma ripoti zao. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Nadhani na huko Tanzania mna mpango kama huo.

Bwana Afya wa Kata

Upo. Ulizinduliwa 31 Januari 2024, lengo ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Mpwani kasema vizuri: hao ndio watakaohitaji wasimamizi, na mwenye shahada awaze kuwa pale.

Mtoto wa Nyarugusu

Mie ni Mkongo, nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma. Kule nilikuwa mhamasishaji wa usafi: kunawa mikono, vyoo, vibuyu chirizi (vidumu vya kunawia vinavyochirizisha maji). Tulipohamishiwa Marekani nikafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku kwanza, usiku, halafu nikaanza chuo.

Huku elimu ya afya ni shahada inayojitegemea, ina jina lake na kazi yake. Nilianza kwenye chuo cha miaka miwili kwa sababu ada ni ndogo, kisha nikahamia chuo kikuu. Wenye kutaka njia hiyo, kabla ya kuchukua somo lolote, muombe chuo kikuu mnachotaka kuhamia kiwaambie kwa maandishi masomo gani watayapokea. Mimi mengine hayakupokelewa, nikayalipia mara ya pili.

Kuna cheti cha mtaalamu wa elimu ya afya kinaitwa CHES. Kukifanyia mtihani lazima uwe na shahada yenye krediti zisizopungua 25 za elimu ya afya, na mtihani hufanyika Aprili na Oktoba. Si sheria kuwa nacho, ila waajiri wengi wanakiuliza.

Darasani kuna jambo lilinifanya nicheke peke yangu. Walitufundisha kwamba miaka ya 1950 serikali ya hapa ilileta magari ya eksirei mtaani, kupima kifua kikuu bure, na watu hawakujitokeza. Wataalamu wakaanza kuuliza kwa nini, na humo ikazaliwa nadharia nzima ya imani juu ya afya: mtu anajiuliza kama ugonjwa utampata kweli, una uzito gani, akienda atafaidika nini, na nini kinamzuia. Nikasema kumbe hata Wamarekani walikimbia bwana afya!

Leo nafanya kazi na familia za wakimbizi: bima, sukari, presha, chanjo za watoto. Kiswahili changu, ambacho kiwandani hakikuwa na faida yoyote, ndicho kilichonipa kazi.

Kaka wa Mwanjelwa

Asanteni sana wakuu. Nimempa simu asome mwenyewe, na mzee kasomewa kipande cha Marburg akanyamaza. Huyu hapa anaandika.

"Shikamooni. Nimesoma zote. Kutoza faini siwezi, kwa hiyo Afya ya Mazingira nimeiweka chini. Nafikiria Lishe iwe ya kwanza, na Elimu ya Watu Wazima na Jamii iwe ya akiba. Swali langu: Fizikia nina C ya kidato cha nne. Inanisaidia mahali popote au niisahau?"

Mnyonge wa Kitivo

Marahaba, japo sijafikia umri huo. Usiisahau! Kuna programu ambazo kama huna Fizikia ya kidato cha sita zinaiangalia ya kidato cha nne. Soma safu ya sifa za kuingilia, chuo kwa chuo, maana kozi ya jina lilelile ina masharti tofauti Dodoma na Dar. Ukipiga simu ofisi ya udahili taja msimbo wa programu, usitaje jina tu, watakujibu ya kozi nyingine. Na ukichaguliwa vyuo viwili, kumbuka kuthibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa.

Nesi Mstaafu Mtarajiwa

Lishe ni sawa, mwanangu. Ukifika fildi, omba upangiwe kliniki yenye foleni. Na yule mama mkwe wa vidonge bado yupo, nitakupa jina la kitongoji.