Udereva wa trela: nisomeshwe na kampuni kwa mkataba, au nijilipie mwenyewe?

Kijana_Kayole
Wakubwa, shikamooni. Nina leseni ya B, ya magari madogo, nimeendesha pikapu ya mikate Eastlands kwa miaka minne. Sasa nataka malori, na shabaha yangu ni kufika CE, trela. Kuna kampuni moja huku Barabara ya Mombasa inachukua vijana, inawasomesha, inawalipia mtihani wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kisha unaitumikia miaka miwili. Ukiondoka mapema unarudisha gharama. Njia ya pili ni akiba yangu pamoja na ng'ombe ambaye mama amekubali tumuuze, nijilipie shule niwe huru. Wanataka jibu Ijumaa. Ninyi mlio barabarani mngechagua lipi?

Mzee_wa_Mizani
Kijana, nenda na kampuni. Ng'ombe wa mama aachwe. Shule nyingi za mjini zinakufundisha kupita mtihani tu. Unazungushwa na lori tupu, unapewa karatasi, basi. Siku utakapoambiwa urudishe trela nyuma kwenye geti la bohari, usiku, huku nyuma kuna ukuta na mbele kuna mitumba ya watu, hiyo karatasi haitakusaidia. Tena mwenye gari hataki kujua ulisoma wapi. Atakuuliza umeendesha gari gani, umefika wapi na ni nani anakufahamu. Mimi nilitoka utanboi, yaani msaidizi wa dereva, nilibeba jeki na turubai miaka sita kabla ya kushikishwa usukani.

Karani_Embakasi
Nakubaliana na mzee kuhusu kampuni, ila kwa sababu nyingine. Mimi ndiye hupanga safari za malori. Mabosi wameanza kusomesha vijana wabichi kwa kuwa wale wa utanboi wanakuja wakiwa wamekwisha kufundishwa kunyonya dizeli. Ni rahisi kumfundisha mtu gia kuliko kumfundisha uaminifu.

Mzee_wa_Mizani
Dada, hapo umenigusa vibaya. Nimepita mizani za Mariakani, Mlolongo na Gilgil mara nisizoweza kuhesabu, na hakuna tajiri aliyewahi kunidai hata lita moja. Wewe uko kwenye kiti, unaangalia nukta ikitembea kwenye kompyuta, halafu unatuita wezi sote?

Tanboi_Zamani
Acha nimjibu huyu karani. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya Malaba, mpakani na Uganda, ilikuwa kilomita na kilomita. Tulilala chini ya trela tukingoja majibu ya vipimo. Tanboi wangu aliugua malaria, nikamtafutia dawa kwa pesa yangu. Posho ilikwisha siku ya tatu. Nilipiga simu ofisini, nikaambiwa "vumilia". Ofisi yenyewe ilikuwa na watu kama wewe. Siku ile hukuhesabu njaa yetu, leo unahesabu dizeli.

Karani_Embakasi
Pole kwa yale ya Malaba, nasema kwa moyo. Lakini sikusema wote. Nilisema nilichokiona. Lori linatoka na mafuta ya kufika Kampala, linazima likiwa Bungoma. Ni nani ninayepaswa kumuuliza?

Tanboi_Zamani
Muulize aliyepima mafuta ya lori tupu huku gari limepakia mpaka tani 56.

Breki_ya_Hewa
Ngojeni, kwa sababu hapo mmefika penye damu. Dereva anayetaka kubakiza dizeli ya kuuza hufanya nini? Akifika mteremko wa kwenda Salgaa anatoa gia, anaweka fri, lori linajishukia lenyewe. Injini haisaidii tena kushika gari, kazi yote inabaki kwa breki. Anakanyaga, anakanyaga, ngoma za breki zinachemka, mwishowe unakanyaga pedeli lakini gari halisikii. Fundi mzuri hukufundisha kushuka mlima na gia ileile ambayo ungeupandia, na breki ya injini ikiwa imewashwa kabla mteremko haujaanza. Nasema hivi kwa uchungu. Juni 2023 pale Londiani lori liliacha njia likawapitia wachuuzi na abiria waliosimama stendi, wakafa zaidi ya watu 50. Kijana, popote utakaposoma, uliza swali moja: nitapelekwa mlimani na gari lenye mzigo? Wakisema hapana, usilipe, iwe ni shule au kampuni.

Mzee_wa_Mizani
Umesema vyema. Lakini hiyo fri haifundishwi na matanboi peke yao. Nimeona vijana wa kampuni zenye magari mapya wakishuka hivyohivyo, kwa sababu ofisi inatoa zawadi kwa anayebakiza mafuta.

Karani_Embakasi
Hilo la zawadi ni kweli. Kwetu lilikuwepo, tukaliondoa.

Wakili_wa_Mtaa
Kijana aliuliza mambo ya mkataba, mmempeleka Salgaa. Mkataba wa kusomeshwa unaweza kukubana kisheria, usifikiri ni karatasi tupu. Lakini mwajiri hawezi kukata mshahara anavyopenda. Nadhani Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yasizidi nusu.

Mama_Vipuri
Si nusu. Ni theluthi mbili, kifungu cha 19. Makato yote yakijumlishwa yasipite hapo. Nilikisoma mwenyewe mume wangu alipokuwa anakatwa.

Wakili_wa_Mtaa
Asante mama, umenisahihisha.

Nilifungwa_Mkataba
Kwa hiyo sheria inaniachia theluthi moja nilishe nayo watoto? Mimi nilisaini mkataba kama huo na kampuni ambayo sitaitaja. Mafunzo yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini leseni yangu ilikaa kwenye droo ya meneja, napewa asubuhi ya safari, narudisha nikishusha mzigo. Tairi likipasuka, nakatwa. Kioo kikivunjwa na vijana wa barabarani, nakatwa. Sheria ya Trafiki inasema usiendeshe gari la biashara zaidi ya saa 8 kati ya saa 24. Nilipoitaja niliambiwa, "Basi lipa deni uende." Niliendesha nikiwa na usingizi miezi kumi na minne kwa sababu ya deni. Halafu msije mkamwambia kijana kwamba kampuni inatoa sadaka. Mwajiri analipa tozo ya mafunzo kwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na akisomesha watu kwa utaratibu unaokubaliwa anaweza kudai arudishiwe. Lakini deni langu la mafunzo halikupunguzwa hata shilingi moja.

Mzee_wa_Mizani
Hilo la NITA sikulijua. Leseni kukaa kwa meneja ni unyama. Kijana, hapo natengua kidogo maneno yangu.

Mama_Vipuri
Na ukijilipia, mwanangu, usifikiri umemaliza. Leseni za malori ni ngazi, huruki kutoka B mpaka CE. Ng'ombe mmoja anaweza kukufikisha C, ngazi ya chini ya CE, halafu unabaki nyumbani na karatasi ukitafuta wa kukuamini na gari lake. Nimewaona wengi wakija dukani kwangu kuomba hata utanboi.

Kijana_Kayole
Asanteni sana. Nimerudi kusoma mkataba tena. Pale kwenye gharama za mafunzo hawajaandika kiasi, kuna mstari mtupu. Na haisemi deni linapungua kadiri ninavyofanya kazi. Mtu akiondoka mwezi wa pili na wa ishirini na tatu wanalipa sawa.

Wakili_wa_Mtaa
Usisaini mstari mtupu. Wajaze kiasi, waandike kinapungua kwa sehemu moja ya 24 kila mwezi, na waandike kwamba leseni inakaa mfukoni mwako.

Karani_Embakasi
Wakikataa kuandika hayo matatu, njoo uniandikie pembeni. Nitakuonyesha fundi wetu anayepeleka wanafunzi mlimani, hufundisha pia wanaojilipia.

Kijana_Kayole
Nitaenda Ijumaa na kalamu, wajaze mbele yangu. Mama nimemwambia asimpeleke ng'ombe sokoni kwanza.

Tanboi_Zamani
Vizuri, kijana. Karani, sisi wa utanboi bado tunangoja samahani yetu.