Mjadala: Kinu cha pamba cha Whitney kilimpunguzia nani kazi?

Mleta mada

Heshima kwenu wakubwa na wadogo. Wiki iliyopita chama chetu cha msingi cha wakulima wa pamba, huku Kanda ya Ziwa, kilikaa kikao cha mkopo. Nafasi ya kukopa ni moja tu msimu huu, na wengi wanataka trekta la kulimia. Kijana mmoja msomi akasimama, akasema tangu watu waanze kuunda mashine za shamba na za nyumbani haijapata kutokea hata moja iliyomwongezea mtu mzigo. Mfano wake wa kwanza ulikuwa mashine ya kuchambua pamba ya Marekani. Akapigiwa makofi. Nilinyoosha mkono nikaambiwa muda umekwisha. Kikao kitarudiwa, kwa hiyo naileta hoja hapa, maana mfano alioushika ndio unaomwangusha.

Sisi wa pamba hatuhitaji kufundishwa tofauti ya pamba mbegu, ile iliyochumwa na mbegu zake ndani, na pamba nyuzi, iliyokwisha kuchambuliwa. Mwaka 1793 Eli Whitney, aliyekuwa ametoka kumaliza chuo cha Yale, alikuwa mgeni katika shamba la Mulberry Grove, karibu na Savannah, Georgia, kwa mjane Catharine Greene. Pamba iliyokubali kuota bara huko ilikuwa ya nyuzi fupi, mbegu yake ya kijani imeng'ang'ania nyuzi kama kupe. Mtu akiichambua kwa vidole kutwa nzima alipata kama ratili moja ya nyuzi safi, yaani haifiki nusu kilo. Whitney akaunda pipa la mbao lililochomekwa meno ya waya. Meno yanapita kwenye vyuma vilivyoachiana nafasi nyembamba, nyuzi zinavutwa kupita, mbegu inakwama na kuanguka chini. Nyuma yake brashi inazunguka kinyume na kufagia nyuzi kutoka kwenye meno. Mtu mmoja akizungusha mpini kwa mkono anatoa ratili 50 kwa siku. Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichobuni, ilitolewa tarehe 14 Machi 1794.

Mpaka hapo kijana yuko sahihi. Vidole vilipumzika. Lakini kulima, kupanda, kupalilia na kuchuma vilibaki vya mikono, na kilichokuwa kinazuia watu wasilime pamba nyingi ni ule uchambuzi tu. Kizuizi kilipoondoka, mashamba yakatapakaa kutoka Georgia hadi Alabama, Mississippi na Louisiana. Mwaka 1790 Marekani nzima ilitoa takriban marobota 3,000 ya pamba. Mwaka 1860 yalikaribia milioni 4. Watumwa waliohesabiwa mwaka 1790 walikuwa karibu laki saba. Mwaka 1860 walikaribia milioni 4 nao. Katika miaka hiyo watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya kaskazini mwa ukanda wa utumwa kupelekwa kwenye pamba, wengine wakitenganishwa na waume, wake na watoto wao. Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana, alieleza kwamba mchumaji alitarajiwa kuleta ratili 200 kwa siku, na jioni kapu lilipopimwa, aliyepungukiwa alijua kinachomngoja.

Mashine ilipunguza kazi mahali pamoja ikaimwaga yote mahali pa pili, na waliosimama mahali pa pili hawakuulizwa.

Nimelisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona nyumbani, ingawa utumwa wa Marekani siufananishi na kitu chochote. Baba aliponunua plau na kupata ng'ombe wanne wa kulima, tulitoka ekari mbili za jembe la mkono tukaenda saba. Baba alimaliza kulima mapema kuliko mwaka wowote. Kisha magugu yakaota kwenye ekari saba, na plau haipalilii. Mama na dada zangu walishika mistari tangu alfajiri. Mama alikuwa na namna ya kusimama mwisho wa mstari: anaegemea mpini wa jembe, mkono mmoja kiunoni, ananyooka polepole, halafu anageuka kuanza mstari mwingine bila kusema neno. Mwaka ule dada yangu mkubwa alikosa shule karibu muhula mzima.

Msimamo wangu: mkopo ununue kwanza majembe ya palizi ya kukokotwa na ng'ombe. Trekta lisubiri. Nipingeni kwa hoja.

Mwanamke wa Singida

Kaka, uko sahihi nusu. Umesahau mashine iliyotukomboa kweli, na mimi ninayesema nimetwanga.

Waulize mama zako hatua zake. Unakoboa kwenye kinu, unapeta, unaloweka, unaanika, unarudi kinuni kutwanga mpaka unga utoke, unachekecha, chenga zinarudi tena kinuni. Mwenzako akiwa upande wa pili mnapokezana mchi, ukichelewa kidogo mnagonganisha. Viganja vyangu vilikuwa na sugu hapa chini ya vidole mpaka naolewa. Siku mashine ya kusaga ilipofungwa kijijini, ya dizeli, mkanda wake mrefu unapigapiga, tulikwenda na debe kichwani, tukapanga foleni, tukarudi na unga umepoa kabla jua halijatua. Kwa nusu siku kazi ya siku mbili ikawa imekwisha.

Sasa niambie, kazi ile ilimwagikia wapi? Haikumwagika popote. Tumbo lina kipimo chake. Mashine ikisaga haraka mara kumi, nyumba haili ugali mara kumi. Pamba yako haina tumbo. Ina soko, na soko halisemi limeshiba. Hapo ndipo ningetofautisha mashine na mashine, kabla ya kuuliza ni ya zamani au mpya.

Ila na mimi niseme kamili: mashine ya kusaga inataka shilingi mkononi. Siku shilingi haipo, mchi unarudi.

Mwalimu mstaafu

Ndugu mleta mada, takwimu zako sizipingi, ila naomba kutofautiana nawe juu ya mshitakiwa. Unalitwika pipa la mbao makosa ya watu.

Kwanza, vifaa vya kuchambua pamba vilikuwapo kabla ya Whitney. India walitumia magogo mawili membamba yanayozunguka na kubana pamba na kuisukuma mbegu nje, karne nyingi kabla yake, na hata Marekani yalitumika kwa pamba ya nyuzi ndefu ya pwani. Pili, njaa ya pamba ilitoka Uingereza. Richard Arkwright alipata hataza ya mashine yake ya kusokota mwaka 1769, na viwanda vya Lancashire vikawa vinameza pamba yoyote inayofika Liverpool. Tatu, ardhi. Mashamba ya Alabama na Mississippi yalikuwa ya Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Creek, Choctaw na Chickasaw, nao waliondolewa kwa sheria ya mwaka 1830 na kwa bunduki. Nne, utumwa wenyewe ulikuwa umeandikwa katika sheria za majimbo kabla Whitney hajazaliwa.

Whitney mwenyewe na mshirika wake Phineas Miller walidai sehemu mbili kati ya tano za pamba waliyochambulia wakulima. Wakulima wakakataa, wakachonga mashine zao wenyewe, maana ni kitu ambacho fundi yeyote wa kijiji akikiona mara moja anakiunda. Kesi zikaburutwa mpaka mwaka 1807 ndipo mahakama ikamtambua, na hataza ilikuwa imebakiza muda mfupi tu wa uhai.

Ukitaka kujua nani alikuwa na hatia, tazama kisa cha Ned, mtumwa wa Mississippi aliyebuni kifaa cha kupalilia pamba. Ndiyo, cha kupalilia, kilekile unachokililia! Bwana wake, Oscar Stuart, aliomba hataza mwaka 1857. Akakataliwa kwa kuwa hakukibuni yeye. Na Ned hakuweza kupewa kwa kuwa sheria haikumhesabu kuwa raia anayeweza kula kiapo. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa serikali akathibitisha hivyo. Mtu aliyesimama juani kwenye magugu ndiye aliyeona dawa ya magugu, na sheria ikasema hayupo.

Kwa hiyo usiulize mashine. Uliza sheria, uliza ardhi ni ya nani.

Fundi cherehani

Mimi nitasema machache, nina kazi ya watu hapa. Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa alipata hataza ya cherehani mwaka 1830, akafungua karakana Paris yenye mashine kama 80 za kushona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi wenzake wakaivamia wakazivunja. Siwacheki hata kidogo. Cherehani zile zilikuwa za mwenye karakana, fundi aliyeshonea mkono nyumbani hakuwa na lake.

Baadaye, miaka ya 1850, kampuni ya Singer ikaanza kuuza kwa kulipa kidogo kidogo. Hapo cherehani ikaingia mlangoni kwa mtu wa kawaida. Yangu hii ya kukanyaga nilirithi kwa shangazi, bodi nyeusi imekwaruzika, chuma chini kimeng'aa mahali miguu miwili ya watu wawili tofauti imekanyaga kwa miaka zaidi ya arobaini. Nikishona zaidi, ninayelipwa ni mimi. Nikichoka, nafunga. Mashine ileile ingekuwa ya tajiri mmoja mwenye vibarua hamsini, habari ingekuwa nyingine.

Mwanachama mwenzako

Nilikuwepo kwenye kikao na nilipiga makofi, nakuambia wazi. Rafiki yangu, unasema kama mtu ambaye mvua inamsubiri. Mwezi wa kumi na moja ng'ombe wetu wamekonda, mbavu unazihesabu, nyasi hakuna. Mvua ya kwanza ikishuka ardhi inalainika siku chache tu. Ng'ombe wanavuta hatua kumi wanalala. Unapanda mwishoni mwa Desemba, na pamba iliyochelewa mavuno yake unayajua. Trekta halijali kiangazi. Hizo palizi zako zitavutwa na nani kama si ng'ombe haohao?

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili. Nianze na dada wa Singida, kwa kuwa amenirekebisha. Nilikuja na swali moja, kwamba baada ya mashine ni kazi gani inajaa na inajaa kwa nani. Wewe umeongeza lingine lililonipita: kazi hiyo ina mwisho, au inafuata soko? Nitakwenda nayo kikaoni kama ulivyoisema, pamoja na tumbo lako.

Mwalimu, shikamoo. Nakubali pipa la mbao halikushika mjeledi. Lakini tukisema ni sheria na ardhi peke yake, tutanunua mashine yoyote kwa amani kisha tushangae. Mashine inaingia katika sheria na ardhi zilizopo siku hiyo. Kwetu ardhi ya ukoo ina jina la baba, kadi ya uanachama ina jina la baba, na magugu yana jina la mama. Trekta likija leo litaingia humo humo. Kisa cha Ned sikukijua, na kimenikaa moyoni. Katika kikao chetu cha watu zaidi ya sitini waliokuwa na haki ya kupiga kura, wanawake hawakufika kumi, ilhali wao ndio wanaojua palizi inaanza lini na inaua mgongo wapi.

Fundi amewataja waliovunja mashine Paris. Uingereza nao mwaka 1830 vibarua wa Kent na mikoa ya jirani walivunja mashine za kupura ngano. Kupura kwa fimbo ghalani ndiko kulikowalisha majira ya baridi. Mashine ilipochukua kupura, miezi ile ikabaki bila ujira. Watu 19 walinyongwa, karibu 500 wakasafirishwa kwa meli hadi Australia. Nilifundishwa shuleni kwamba walikuwa wajinga wanaoogopa maendeleo. Siamini tena. Walijua hesabu ya chakula cha watoto wao mwezi wa kwanza.

Sasa wewe mwanachama mwenzangu. Hoja ya ng'ombe waliokonda ni nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, na sitaizunguka. Ni kweli mwezi wa kumi na moja hawavuti. Lakini palizi ya kwanza huja wiki chache baada ya kupanda, nyasi zimeota, na ng'ombe walewale wamerudisha nyama. Jembe la palizi pia ni jepesi kuliko plau, jozi moja inatosha. Kwa hiyo naachia hivi: kama chama kitashikilia trekta, basi likodishwe kwa mwenye jembe la palizi tayari, au ekari litakazomlimia zisizidi zile ambazo nyumba yake inaweza kuzipalilia bila kumtoa mtoto darasani. Hilo liandikwe kwenye muhtasari kabla ya kusaini mkopo, na wake wa wanachama waitwe siku ya kura.

Naomba msaada mmoja kwa mliokwisha kupalilia pamba kwa ng'ombe. Sisi tumezoea sentimita 90 kati ya mstari na mstari. Je, zinatosha jozi ipite bila kukanyaga, au mliongeza? Na ng'ombe mliwafunga nini mdomoni wasile majani?