Naomba ushauri: kuta za jengo la zamani la chuo zinamomonyoka

Wadau, hamjambo? Mimi ni mjenzi hapa Nakuru. Tumepewa kazi ya kukarabati jengo la mawe la chuo kimoja, la enzi za mkoloni, liwe na madarasa ya kisasa: projekta, intaneti, soketi za kutosha na njia ya viti vya magurudumu.

Shida ni kuta. Zilijengwa kwa chokaa, lakini aliyetutangulia akazipiga plasta ya simiti. Mawe yenyewe ni laini, yanafyonza maji. Simiti imefungia unyevu ndani, sasa plasta inabanduka na mawe yanakuwa unga. Nataka kuibandua yote nirudishe chokaa. Mhandisi anaona napoteza muda (yeye simiti ndiyo dawa ya kila kitu). Nani amewahi kuifanya? Mlichanganya chokaa na mchanga kwa kipimo gani, na mlisubiri siku ngapi kabla ya kupiga mkono wa pili wa plasta?

Nyaya nafikiria kuzipitisha chini ya sakafu ya mbao, nisichimbe mawe. Na kama jengo limetangazwa turathi kwa sheria ya 2006, kibali cha Makavazi ya Kitaifa huchukua muda gani? Chuo kinataka wanafunzi waingie Septemba.