Naomba ushauri: picha za maroboti zimenikimbizia watu darini

Mwana_Langoni

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wengine hamjambo nyote.

Mimi niko Lamu, Langoni. Nina chumba cha chini ninachoonyesha mpira, na usiku usio na mpira natia picha. Mwaka huu mimi na binamu yangu tulichangiana tukanunua projekta ya mitumba, tukaona Idi hii tusijibane chumbani. Tupande darini, tutundike shuka jeupe, tutandike mikeka, tuwaite majirani na jamaa, wazee kwa watoto. Wakubwa shilingi 50, watoto 20, kahawa chungu bure.

Binamu ndiye aliyechagua picha. Akaleta moja ya zile za maroboti yanayobomoa miji ya Marekani, ndefu saa mbili na zaidi, na pesa zilizoingia humo nadhani zingetujengea gati kumi.

Nusu saa ya kwanza, sisemi uwongo, ilikuwa raha. Sabwufa inatetemesha vikombe, watoto wamesimama wima. Upepo ukaingia nyuma ya shuka, roboti kubwa likatoka tumbo kama mja mzito wa miezi tisa, watu wakacheka mpaka basi. Lakini ilipotimia saa moja hivi nikaona mambo yanageuka. Khalu wangu, mtu aliyekula chumvi nyingi, na nyingine kaila baharini, alikuwa ameketi mbele kabisa. Katikati ya vita, moshi, vioo, magari yanaruka, akanigeukia taratibu akauliza: "Huyo alovunjika, ni wetu au ni wao?"

Nikatazama shuka. Wallahi sikujua. Na picha ile nilikuwa nimeshaitazama mara mbili.

Akauliza tena baadaye. Mara ya tatu hakuuliza, alichukua bakora yake akashuka. Upande wa akina mama walikuwa wameshahamia kwenye habari za harusi ya mtu wa mtaa wa pili, tena kwa sauti. Picha inakwisha, waliobaki ni watoto, binamu yangu na paka watatu.

Sasa tumegombana. Yeye asema watu hulipa waone ajabu, hadithi wanazo kwa nyanya zao, na Idi kubwa anataka picha yenye milipuko zaidi. Mimi naona ajabu isiyo na kisa huchosha kama halua: vipande vitatu vitamu, kipande cha kumi kinakukaba. Pesa ni yetu nusu kwa nusu, kwa hivyo siwezi kumlazimisha. Je, nimkubalie? Na kama kuna picha za namna hiyo hiyo, za vyombo na madude, ambazo zinaweza kumuweka mzee na mtoto mkeka mmoja, nitajieni.

Kasa_Mkavu

Umewaonyesha wazee vita vya mabati saa mbili. Hata mimi ningeshuka, tena bila bakora.

Mkata_Video

Mimi nipo Malindi, kazi yangu kuediti video za harusi, basi nisemee hapo hapo.

Shida ya khalu wako si kisa peke yake. Jicho lake lilikosa pa kutua. Picha hizo hukatwa haraka mno, kipande cha sekunde moja, kingine nusu sekunde, kamera imesogea karibu na inatikisika, na madude yote yana rangi ile ile ya chuma. Kwenye ukuta mkubwa wa sinema bado ni tabu, sembuse kwenye shuka lenye mimba. Mimi nikimkatakata bibi harusi namna ile, mamake atanirushia flashi usoni.

Linganisha na Mad Max: Fury Road ya 2015. Kisa chake nakwambia kwa pumzi moja: watu wanakimbia jangwani, halafu wanageuza magari wanarudi. Basi. Lakini hupotei hata kidogo, kwa sababu mwongozaji George Miller alitaka jambo lenye maana likae katikati ya picha kila mara, ili hata ikikatwa haraka vipi jicho lisihangaike kutafuta. Aliyeihariri ni mkewe, Margaret Sixel, na alipata Oscar kwa kazi hiyo, moja kati ya 6 ilizochukua picha ile. Jangwa lenyewe ni la Namibia, na magari mengi ni ya kweli, watu wa kweli wananing'inia juu ya vijiti. Kompyuta imetumika, ndio, lakini imekuja baadaye kama bizari juu ya wali.

Kwa hivyo binamu yako akisema mashamushamu bila kisa yanawezekana, hajakosea. Amekosea kuchagua mashamushamu yasiyoonekana.

La pili, hiyo projekta ya mitumba taa yake imechoka. Mapigano ya usiku wa mvua yatatoka tope tupu. Chagua picha yenye jua.

Bi_Mkomani

Mwanangu, hiyo ya jangwani usithubutu kuitia Idi. Nimeiona kwa mjukuu wangu. Mna wasichana humo wamevaa vitambaa kama chandarua. Khalu wako atashuka darini bila kupitia ngazi.

Lakini huyo kijana wa Malindi amesema kweli, nami nawaongezea jambo. Mbio za punda za Maulidi zina kisa gani? Punda wanatoka huku, wanafika kule, yamekwisha. Mbona sijamwona mtu akisinzia? Ni kwa sababu yule punda wa kijivu ni wa mtaa wetu, na kijana aliyempanda nimemjua tangu akibebwa mgongoni, na mara ya mwisho alianguka mbele ya watu wote, na leo mamake amesimama pale ukingoni mwa maji kashika buibui kwa meno. Mimi hapo sina haja ya hadithi ndefu. Nijulishe punda ni wa nani, kisha mkimbize utakavyo.

Hayo maroboti yenu hayana mama.

Binamu_Mtuhumiwa

Mwenye kusemwa nipo. Nimetumiwa uzi huu na watu wanne.

Kwanza, hesabu ya usiku ule anayo yeye: zaidi ya nusu ya pesa ilitoka kwa watoto, na asubuhi yake walikuja kugonga mlango wakitaka tuirudie. Hilo hakuliandika. Pili, mnaongea kana kwamba sinema ilianza na hadithi, kisha sisi tukaja kuiharibu. Georges Méliès, Mfaransa, alikuwa mtu wa kiinimacho jukwaani kabla ya kushika kamera. Mwaka 1902 aliwafyatua watu mpaka mwezini, kombora likatua ndani ya jicho la mwezi. Nani aliuliza wale wasafiri wana watoto wangapi? Watu waliduwaa, wakataka nyingine. Picha za namna hii zilizaliwa na kiinimacho, na kiinimacho hakina aibu.

Tatu, khalu huuliza "ni wetu au ni wao" hata kwenye mpira.

Mwana_Langoni

La watoto kugonga mlango ni kweli, nakubali. Na kwenye mpira huuliza kweli. Lakini mpira una jezi.

Kasa_Mkavu

Basi wavisheni maroboti jezi, sote tulale.

Pwani_Reli

Nacheka peke yangu ofisini. Lakini jezi ndiyo jibu lenyewe.

Angalia Jurassic Park ya 1993. Saa mbili na zaidi, na dinosau wenyewe ukiwajumlisha wanaonekana kama dakika 15 tu. Muulize mtu yeyote aliyeitazama akiwa mtoto anakumbuka nini, atakwambia maji yakitetemeka kwenye gilasi. Mnyama bado hajafika! Unamsubiri, na wale watoto wawili ndani ya gari umeshawazoea, kwa hivyo huwezi kutoka hata kwenda msalani. Hiyo ni picha ya binamu yako na picha yako pia.

Ila kwa darini kwenu mimi ningetia Godzilla Minus One, ya Japani, 2023. Ilipata Oscar ya madoido ya picha mwaka 2024, na madoido hayo yalifanywa na watu 35 tu, mwongozaji Takashi Yamazaki mwenyewe akiyasimamia. Shujaa ni rubani wa vita aliyeogopa kufa, akarudi Tokyo akaikuta majivu, na ndani ya kibanda chake akaingia mwanamke mwenye mtoto mchanga ambaye si wake. Ili wapate kula, anachukua kazi ya kuondoa mabomu yaliyobaki baharini. Na chombo chenyewe, sikiliza, ni kijichombo cha mbao, kibovu, kwa sababu mabomu yale huamshwa na chuma. Wanaume wanne, ubao chini ya miguu, halafu dude linainuka nyuma ya shetri.

Nipe fundi mmoja wa majahazi wa Matondoni atakayelala hapo.

Haina mapenzi ya kuwafanya mashehe watazame nyota, na mapigano makubwa ni mchana, juani, baharini. Projekta yenu itamudu.

Kasa_Mkavu

Umeshatuhadithia nusu yake, ahsante sana.

Mkata_Video

Kumbuka ni Kijapani na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Aliyekaa nyuma hasomi, mzee hasomi. Tafuta msimulizi. Nyote mnamjua DJ Afro, jinsi anavyoichukua picha ya watu akaifanya ya kwetu, na jina la kwetu anampa jambazi. Siri yake ni hiyo hiyo ya Bi Mkomani: sekunde ya kwanza anakwambia huyu ni nani na anamtaka nani. Lakini msimulizi wenu asijaze kila nafasi. Dude likizama na maji yakatulia, anyamaze.

Wakili_wa_Baraza

Samahani kuwaharibia starehe. Kenya, kuonyesha picha kwa kiingilio kunataka leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu, na picha yenyewe iwe imeainishwa, ijulikane ni ya wote, au ni 16, au 18. Haki ya mwenye picha nayo ni jambo jingine. Flashi ya kununua njiani si ruhusa. Malizeni hayo kabla ya Idi kubwa, msije mkashushwa darini na watu wengine.

Bi_Mkomani

Na sabwufa ipunguzwe. Idi ile vikombe vyangu vililia mpaka huku Mkomani. Kisha wanawake watengewe upande wenye upepo, si nyuma ya tangi la maji.

Pwani_Reli

Kama usiku ni mrefu, anzeni na Pumzi, ya Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, 2009. Ina kama dakika 20 tu. Dunia imekwisha maji, na dada mmoja, Asha, anapata udongo unaootesha mbegu. Mtu aliyewahi kupanga madumu kisimani haelezwi zaidi.

Mwana_Langoni

Mrejesho, wakuu.

Jana usiku niliijaribu ile ya Japani nyumbani, mimi, binamu na khalu, kwenye televisheni ndogo. Nilimfasiria khalu mwanzo tu: huyu alitoroka vitani, huyu si mkewe, mtoto si wao. Akatikisa kichwa. Kwa muda mrefu hakuna dude, watu wanapika, wanajenga kibanda, nikamwona binamu anatazama simu. Khalu hakupepesa.

Walipotoka na kile chombo, akasogeza kiti. Akasema mbao zile zimekauka, zitavuja. Kisha dude likatoka nyuma yao, chombo kinakimbia, wao wanahangaika na bomu, na khalu yangu, ambaye sijamsikia akipaza sauti tangu aache bahari, akapiga bakora chini: "Usukani! Muwache bomu, nani kashika usukani?" Binamu aliangusha simu.

Ikabidi tuirudishe nyuma ili atuonyeshe pale mtu wa usukani alipokosea. Tumeirudisha mara tatu. Hakuuliza nani wetu.

Msimulizi tumeshampata, ila anataka alipwe, na anataka kiti chenye mgongo. La leseni binamu ataliulizia wiki ijayo. Tumekubaliana wazee wakishashuka watoto watatiwa maroboti yao, sauti chini kwa heshima ya vikombe vya Bi Mkomani.

Binamu_Mtuhumiwa

Simu imepasuka kioo. Hilo naye hakuliandika.