Methodi tuli na urithi: Java, PHP au Python?

KijanaWaSinza
Wakuu, naandika mfumo wa tiketi za daladala. Nina klasi mama Nauli na klasi NauliMwanafunzi inayoirithi, na zote zina methodi tuli (static) kokotoa(). Katika Java, nikitangaza kigeu n cha aina ya Nauli na kukipa objekti (kitu kilichoundwa kutokana na klasi) ya NauliMwanafunzi, n.kokotoa() hurudisha nauli ya mtu mzima. Je, PHP au Python zingenifaa zaidi?

FundiUbungo
Mkuu, Java inafanya inavyopaswa. Methodi tuli ni mali ya klasi, si ya objekti, hivyo kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) huchagua ya kuitwa kwa kutazama aina uliyotangaza, kabla programu haijaanza kazi. Ya mtoto huificha ya mama tu, haichukui nafasi yake. Iwekee @Override, alama ya kusema methodi inachukua nafasi ya ile ya mama, uone kompaila itakavyoikataa. Kuiita kupitia kigeu ndiko kunakopotosha, na binafsi ningetamani lugha isingeliruhusu.

DadaKodi
PHP inakupa uchaguzi. Tuseme methodi tuli kata() imeandikwa ndani ya Nauli, nawe unaita NauliMwanafunzi::kata(). Ikiwa ndani yake kuna self::kokotoa(), utapata nauli ya mtu mzima, kwa kuwa self hushikamana na klasi ilimoandikwa. Ukiweka static::kokotoa(), njia iliyoingia na toleo la 5.3 mwaka 2009, utapata ya mwanafunzi. Katika Python, methodi yenye alama @classmethod hukabidhiwa klasi iliyoitwa kama hoja ya kwanza, ilhali yenye @staticmethod haikabidhiwi klasi wala objekti. Hata hivyo, objekti ya mtoto ikiita kokotoa() iliyo @staticmethod, itapata ya mtoto, maana Python huitafuta wakati programu inakimbia.

MzeeWaPosta
Nyongeza: methodi tuli za interfesi (mkataba wa methodi ambazo klasi huahidi kuzitekeleza), zilizoingia na Java 8, hazirithiwi kabisa na klasi zinazoitekeleza.

FundiUbungo
Kwa hiyo usihame lugha kwa ajili ya hili. Nauli inategemea abiria ni nani, na jambo linalobadilika kwa aina ya objekti halistahili kuwa tuli. Kazi kama kukadiria shilingi hadi mia iliyo karibu, ambayo haibagui abiria, iache tuli.

KijanaWaSinza
Shukrani, wakuu. Nimeondoa neno static kwenye kokotoa() za klasi zote mbili, nikaweka @Override kwa mtoto, na sasa n.kokotoa() inatoa nauli ya mwanafunzi.