Hamu ya kulala ufukweni imenishika na baridi ndiyo kwanza inaanza

MlalaHemani
Wakuu, habari zenu. Huku kwetu jua linazama mapema, hema limekunjwa, na mimi kila usiku nafungua ramani nafuata ukanda wa pwani kwa kidole. Simaanishi kwenda baharini mchana na kurudi. Ninachokitamani ni kulala kule: nizime taa, nijilaze chali, nisikilize maji. Ukikaa kimya muda wa kutosha, masikio yanajua yenyewe kama bahari inajaa au inakupwa. Ikijaa, wimbi linapasuka karibu. Ikipwa, sauti inasogea mbali na unabaki kusikia kokoto zikikwaruzana zikivutwa kurudi. Usingizi wa namna ile siupati nyumbani, hata nikifungua dirisha.

Juzi nilitoa hema kulikagua tu, nikakuta meno ya zipu yana chumvi nyeupe. Nikapitisha kidole, nikakilamba. Hamu ikazidi.

Ninyi mnaipitishaje miezi hii? Na je, kuna anayepiga kambi ufukweni wakati wa baridi kweli, au nisubiri tu joto lirudi?

BamvuaNaMajiMafu
Mkuu, mimi naenda, na nakushauri usisubiri. Watu wengi hungoja siku za kwanza za jua baada ya baridi, kumbe bahari inapoteza joto polepole. Kwa tulio kaskazini mwa dunia, maji huwa baridi zaidi mwezi wa pili na wa tatu. Desemba mwanzoni bado yana joto la kiangazi kilichopita, na pwani mara nyingi haigandi kama bara.

Adui wako ni upepo. Tafuta kinga nyuma ya matuta ya mchanga, lakini usipige hema juu yake, maana nyasi zile ndizo zinazoyashikilia. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani: jaza mifuko mchanga, ifunge kamba za hema, kisha izike. Chini tandika mikeka miwili, kwa sababu ardhi inanyonya joto la mwili kuliko hewa. Na angalia gesi ya jiko. Butani haigeuki mvuke ikishuka chini kidogo ya nyuzi 0, ila propani inaendelea hadi kama nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wenye mchanganyiko wa propani utakuokoa asubuhi.

Kuhusu maji usifanye mchezo. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Tafuta mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu, kisha panda juu zaidi ya hapo. Dhoruba ikisukuma bahari kuelekea nchi kavu, maji hupita kiwango kilichoandikwa kwenye jedwali la kujaa na kupwa. Ukisikia utabiri wa dhoruba, ahirisha. Ufuko hauhami.

Dada_wa_Turubai
Kaka MlalaHemani, hiyo chumvi uliyoilamba iondoe leo leo! Inavuta unyevu na kula zipu polepole hadi ikwame usiku wa mvua. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na mswaki laini, bila sabuni ya kufulia. Anika hema kivulini hadi likauke kabisa, hata kwenye mishono, ndipo ulikunje. Likikunjwa bichi linaota kuvu, na ule utando wa ndani unaozuia mvua unaanza kunata na kubanduka.

Begi la kulalia nalo litoe kwenye mfuko wake mdogo. Litundike au liweke kwenye mfuko mpana, manyoya yapumue. Mimi miezi hii naipitisha hivyo: jioni moja napaka dawa ya mishono, nyingine nakagua kamba. Mikono ikishika vitu vya safari, moyo unatulia kidogo.

Kilimia
Naongeza la usiku. Wengi wanauogopa urefu wake, mimi ndio unaonipeleka. Kiangazi unasubiri giza hadi unasinzia. Majira haya, kwa wa kaskazini, giza linaingia mapema na Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kiko juu jioni ile ile, kabla hujafikiria kulala. Kama hakuna mawingu, kaa nje umejifunika begi, mgongo upande wa upepo.

MlalaHemani
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Zipu nimeshaiosha. Nimeangalia kalenda, nitachagua wiki ya nusu mwezi ili nipate maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, na nitakwenda kabla baridi haijakomaa. Swali moja limebaki: mvuke wa pumzi. Nikifunga hema lote kwa ajili ya baridi, asubuhi si nitaamka nimelowa?

BamvuaNaMajiMafu
Utalowa. Acha matundu ya juu wazi, na upande usio na upepo fungua zipu kiasi cha kiganja. Joto utalipata kwenye begi na kofia. Jiko usiliwashe ndani hata kukiwa na mvua, hewa yake inaua bila kunusika. Halafu beba kitambaa kikavu cha kufutia kuta za ndani ukiamka, kabla hujagusa kitu kingine.